Sabrina Wanjiku Simader: Binti wa Kilifi Aliyeshuka Mlima wa Snow na Jina la Kenya

Tuanze na hesabu moja itakushtua. Mji wa Kakamega uko karibu mita 1,500 juu ya bahari. Kule Jeongseon, Korea Kusini, kwenye mlima uliofanyiwa mbio za kasi za skii katika Olimpiki za 2018, sehemu ya juu kabisa ya kuanzia ilikuwa mita 1,370. Yaani ukisimama stage ya Kakamega ukingoja gari ya Kisumu, uko juu kuliko wale wasee wote wa skii walipoanzia. Sema tu wao wako mbali na ikweta, baridi inaingia hadi kwa mifupa na snow inashikilia. Sisi tunapata mvua karibu kila jioni, na ikizidi sana ni mvua ya mawe ya kuvunja majani ya ndizi. Hiyo huwezi kutelezea.

Sasa, tarehe 17 Februari 2018, pale pale Jeongseon, dem wa miaka 19 alijitupa kwa huo mlima na Kenya ikiwa kwa orodha ya matokeo. Jina lake Sabrina Wanjiku Simader. Alimaliza nafasi ya 38 kwenye Super-G. Siku mbili kabla, kule Yongpyeong, alikuwa ameshika nafasi ya 59 kwenye slalomu kubwa. Kwa wengi mtaani hizo ni namba za kuchekewa. Kwetu mtu akienda Olimpiki tunajua ni dhahabu ama arudi kimya. Lakini ukisoma hii stori mpaka mwisho, hiyo 38 utaiona vingine.

Kwanza ujue Super-G ni nini. Ni mbio ya kushuka mlima mara moja tu, kupita milango iliyopangwa, kasi ikigonga kilomita 100 kwa saa na kupita. Fikiria matatu ya Webuye siku ambayo hakuna polisi barabarani, halafu toa gari, toa breki, bakisha wewe na mbao mbili kwa miguu. Na hapa ndio noma: hakuna kujaribu. Asubuhi mnaruhusiwa kushuka polepole mkikagua njia, mnaikariri kichwani, halafu saa ya mbio ikifika unaenda full. Ukikosea mlango mmoja, kwisha. Siku hiyo Lindsey Vonn wa Marekani, jina kubwa kabisa kwa huo mchezo, alitoka nafasi ya 6.

Aliyeshinda? Hapo kuna kichekesho tutarudia. Ester Ledecká wa Jamhuri ya Czech, kwa dakika 1 na sekunde 21.11, akimpita Anna Veith wa Austria kwa sehemu moja ya mia ya sekunde. Veith alikuwa tayari anapongezwa. Ledecká mwenyewe alisimama pale chini akiangalia ubao wa matokeo kama mtu ametumiwa M-Pesa na namba haijui. Kwa sababu Ledecká, kwa kazi, alijulikana zaidi kwa snoboadi. Hata kwenye mkutano wa wanahabari alikataa kutoa miwani, akisema hakujua angeshinda kwa hivyo hakuwa amejipaka makeup. Respekti.

Turudi kwa Wanjiku wetu.

Sabrina alizaliwa Kilifi, tarehe 13 Aprili 1998. Kilifi, wasee, mahali joto linakuamsha kabla ya jogoo na barafu ya karibu iko kwa friji ya kuuzia soda. Akiwa na miaka 3 akahamia Austria na mamake. Baba yake wa kambo alikuwa Muaustria na alikuwa anaendesha lifti ya skii, ile kamba ya kuvuta watu hadi juu ya mlima. Ndiye aliyemfunga mtoto mbao miguuni. Ukiwa mtoto wa mwenye lifti hulipi lifti, na hii ni point ya kuweka kwa akili, kwa sababu hapo ndipo kazi yake yote ilipoanzia.

Huyo mzee alifariki Sabrina akiwa bado tineja. Watoto wengi wangeachia hapo. Yeye aliendelea, mamake akibeba mzigo. Wale mmelelewa na madhe pekee mnajua vile hiyo hesabu huenda: kila kitu kinawezekana, lakini kila kitu kinahesabiwa mara mbili.

Swali ambalo watu hupenda kuuliza ni kwa nini hakuchagua kukimbilia Austria. Jibu fupi: Austria kwa skii ni kama Kenya kwa mbio za mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Kila kijiji kina bingwa wake, na nafasi kwa timu ya taifa zinahesabika kwa vidole. Lakini ukimsikiza mwenyewe kwa mahojiano, hakuwahi kuiongelea Kenya kama mlango wa nyuma. Wanjiku haikuwa jina la kuigiza. Alitaka bendera, na alitaka mtoto mweusi anayeangalia skii kwa TV aone mtu.

Februari 2016 akaenda Lillehammer, Norway, kwa Olimpiki za vijana za msimu wa baridi, na ujumbe wote wa wanariadha wa Kenya ulikuwa yeye peke yake. Januari 2017 akaanza Kombe la Dunia kule Maribor, Slovenia. Mwezi uliofuata akashiriki Mashindano ya Dunia huko St. Moritz, Uswisi. Mwaka mmoja baadaye akabeba bendera PyeongChang, mwanamke wa kwanza wa Kenya kwenye Olimpiki za baridi na Mkenya wa kwanza kwa skii za kushuka mlima.

Usidhani ilikuwa zawadi. Kwa huo mchezo kuna mfumo wa pointi ambao unaenda kinyume na kila kitu unachojua: pointi chache ndio nzuri. Kila mbio unayomaliza unapewa pointi kulingana na vile ulikuwa nyuma ya mshindi na vile washindani walikuwa wakali. Kwa Olimpiki za 2018, kiwango cha chini cha kuingilia slalomu kilikuwa wastani wa pointi zisizozidi 140 kwa mbio zako tano bora. Mbio za kasi kama Super-G zilitaka zisizozidi 80. Sabrina alizipata, kwa kuzunguka mbio ndogo ndogo za milimani, zile hazionyeshwi kwa TV.

Na kila mbio ni doh. Skii za Super-G za wanawake zinaanzia urefu wa sentimita 205, za slalomu kubwa sentimita 188, na huwezi kutumia moja kwa kazi ya nyingine. Kuna za mazoezi na za mbio. Kuna mtu wa kunoa ncha za chuma usiku, kupaka nta kulingana na baridi ya kesho. Kuna kocha, gari, petroli, hoteli, tiketi ya lifti kila siku, bima ya goti. Kiangazi snow ikiyeyuka, mnapanda kwa barafu za juu kabisa ama mnavuka dunia hadi kusini ambako ni baridi. Mastaa wa Austria na Uswisi wanafanyiwa hayo yote na shirikisho. Wengine wanafanya hesabu jikoni.

Linganisha na sisi. Boy wa Kakamega School akitaka kuingia Green Commandos anahitaji miguu, ball na uwanja ambao tayari uko. Talanta yake ikionekana Bukhungu, skauti anamwona bure. Njaa iko, viatu vinachanika, sisemi ni rahisi. Lakini hakuna mtu anayemlipisha kupanda upande wa juu wa uwanja ili ashuke na ball.

Kwa hivyo ukitaka kuelewa career ya mtu wa snow, usianze na miguu yake. Anza na nani analipa. Hiyo ndio tofauti kati ya 38 na medali, na kuna stori mbili zinaionyesha poa kuliko vile ningeeleza.

Ya kwanza ni ya Mkenya aliyemtangulia, Philip Boit, mkimbiaji kutoka pande za Eldoret. Mwaka 1996 kampuni ya Nike ilimchukua yeye na mwenzake Henry Bitok ikawapeleka Finland kujifunza skii za masafa, zile za kusukuma kwa nguvu za miguu na mikono kwenye njia ndefu. Idea ilikuwa: kama hawa wasee wana mapafu ya kushinda dunia kwa lami, watafanya nini kwa snow? Boit hakuwa amewahi kuona snow maisha yake. Miaka miwili baadaye, Nagano, Japani, 1998, kilomita 10. Bjørn Dæhlie wa Norway akashinda kwa dakika 27 na sekunde 24.5. Boit akaingia kwa dakika 47 na sekunde 25.5, nambari 92, mwisho kabisa. Dæhlie alikuwa bado pale kwa mstari. Alikataa kwenda kuvishwa medali mpaka Mkenya amalize, na alipofika akamkumbatia. Boit akarudi nyumbani, akapata mtoto, akamwita Dæhlie. Kuna kijana Mkalenjin anaitwa Dæhlie Boit, na hiyo ni moja ya vitu vizuri zaidi michezo imewahi kutupatia.

Lakini watu huacha stori kwa hiyo hug. Baada ya muda Nike ikaondoka. Boit hakuondoka. Alifanya mazoezi Eldoret kwa skii za magurudumu juu ya lami, watu wakimshangaa. Alifika Salt Lake City 2002, akafika Turin 2006, na safari hizi hakuwa wa mwisho. Vancouver 2010 hakufuzu. Mashindano ya Dunia ya Oslo, 2011, ndiyo yalikuwa ya kuaga. Nagano alikuwa na sponsa na akawa wa mwisho. Kuanzia hapo alikuwa na sponsa kidogo na uzoefu zaidi. Sasa fikiria angepata vyote viwili pamoja.

Stori ya pili ni ya bingwa wa Urusi, na hapa tunarudi kwa ile snoboadi ya Ledecká. Mchezo wenyewe unaitwa slalomu kubwa sambamba. Wasee wawili wanaanza pamoja, mmoja njia nyekundu, mwingine njia ya buluu, kila mmoja amesimama kwa ubao mmoja mrefu mwembamba na buti ngumu za plastiki, wanapita milango hadi chini. Wa kwanza anaendelea, wa pili anaenda nyumbani. Wanaanza kumi na sita baada ya mchujo, wanabaki wawili. Ni kama mtoano wa ball, ila game yote ni chini ya dakika moja.

Vic Wild alizaliwa 1986 White Salmon, jimbo la Washington, Marekani. Mmarekani kabisa. Shida ni kwamba Marekani ilipenda ile snoboadi ya kuruka na kuzunguka hewani, ile inauza. Baada ya Vancouver 2010 shirikisho lao likakata programu ya snoboadi ya mbio. Wild akabaki na talanta na bila timu. Kando yake kulikuwa na Alena Zavarzina wa Novosibirsk, bingwa wa dunia wa 2011 kwa mchezo huo huo. Wakaoana 2011, Wild akachukua uraia wa Urusi, na Urusi, iliyokuwa inajiandaa kuwa mwenyeji wa Sochi, ikafungua pochi: makocha, kambi, vifaa, mafundi.

Tarehe 19 Februari 2014 ikafika. Zavarzina akachukua shaba. Dakika chache baadaye, mlima huo huo, mume wake akachukua dhahabu. Tarehe 22, kwa slalomu sambamba ile ya milango ya karibu, Wild alikuwa nyuma kwa sekunde 1.12 kwenye nusu fainali dhidi ya Benjamin Karl wa Austria. Kwa huo mchezo hiyo ni kama kufungwa 3 bila. Akarudi raundi ya pili akapita kwa 0.04. Fainali akamaliza, dhahabu ya pili, mtu wa kwanza wa snoboadi kushinda dhahabu mbili kwa Olimpiki moja. Serikali ya Urusi ilikuwa imeahidi rubo milioni 4 kwa kila dhahabu.

Wengine walimwita msaliti. Mimi sina hiyo nguvu. Jamaa hakubadilisha miguu wala ubao. Alibadilisha anayelipa bili, na ndani ya miaka mitatu akatoka kuwa mtu bila timu akawa bingwa mara mbili.

Sasa mweke Sabrina kando yake. Wild aliondoka nchi yenye snow na haina nia, akaenda nchi yenye snow na nia. Sabrina alifanya kinyume kabisa: akiwa katikati ya milima ya Austria, akachagua nchi ambayo snow yake yote iko Mlima Kenya, juu ya mita 4,500, na hiyo nayo inazidi kuisha. Kwa upande wa pesa, huwezi kupata uamuzi mbaya kuliko huo. Kwa upande wa bendera, hakuna aliyemlazimisha. Kati ya hao wawili, niambie nani alilipa nauli kubwa.

Na si yeye peke yake. PyeongChang nchi za Afrika zilikuwa nane, nyingi kuliko wakati wowote kabla ya hapo: Kenya, Eritrea, Ghana, Nigeria, Togo, Madagascar, Morocco na Afrika Kusini. Ukichunguza wale wa skii za kushuka, utakuta Shannon Abeda wa Eritrea alikulia Canada, na Mialitiana Clerc wa Madagascar alikulia Ufaransa. Wote wamejifunzia mlima wa watu wengine halafu wakaleta jina nyumbani. Kuna wanaosema hao ni Waafrika wa karatasi. Wakati Mkenya wa Iten anashinda medali akiwa na pasi ya Bahrain, hao hao hunyamaza.

Baada ya Korea, Sabrina alirudi kwa kazi ile ile: mbio ndogo, pointi, bili. Alikuwa wazi kwa wanahabari kwamba kikwazo chake kikubwa si mlima, ni pesa. Mwanariadha wa miaka 20 na kitu, kwa mchezo ambao wengi wanafika kilele wakikaribia 30, alikuwa anapigania kubaki kwenye mchezo badala ya kupigania sekunde.

Tarehe 4 Februari 2022 Olimpiki za Beijing zikafunguliwa. Nchi zikapita uwanjani moja baada ya nyingine, na Kenya haikuwepo. Siku nne baadaye, snoboadi ya slalomu kubwa sambamba. Ledecká akachukua dhahabu tena. Kwa wanaume, yule Karl aliyefungwa na 0.04 kule Sochi hatimaye akapata dhahabu yake akiwa na miaka 36. Na Vic Wild, miaka 35, bado na Warusi, shaba. Miaka minane baada ya Sochi alikuwa bado ana timu nyuma yake.

Najua mtu wa Lurambi atauliza: na hiyo doh, si afadhali inunulie shule nets na mipira? Ni swali la haki. Mimi nikiulizwa nichague kati ya borehole na skii sitachukua hata sekunde. Ila hilo si swali Sabrina alileta. Hakuomba tujengewe mlima wa bandia Shinyalu. Alikuwa amefuzu tayari, kwa lifti ya baba wa kambo na jasho la mamake, na kilichobaki ilikuwa kumalizia. Gharama ya mwanariadha mmoja aliyefuzu si sawa na ya kuanzisha mchezo kutoka sufuri. Na tusijifanye hatujui barafu. Nairobi, hoteli ya Panari pale Mombasa Road, kulikuwa na kiwanja cha barafu ambapo mbogi ya Ice Lions ilijifunza hoki, na mwaka 2018 wakapelekwa Canada kucheza pamoja na Sidney Crosby mwenyewe. Nani alilipa? Kampuni ya kahawa ya Canada, kwa tangazo.

Januari 2024, Gangwon, Korea Kusini, ile ile mikoa ya milima ambako Sabrina alishukia, zilifanyika Olimpiki za vijana za msimu wa baridi. Kwa orodha ya skii za kushuka kulikuwa na kijana mmoja wa Kenya, Issa Gachingiri Laborde. Soma hilo jina polepole, nusu Mlima Kenya, nusu Ufaransa. Umri wake ulikuwa kama wa Sabrina wakati wa Lillehammer.